Namna ya kuondoa nta na plastiki ya kinga kwenye rangi ya gari jipya

Gari jipya linalosafirishwa kwa meli huweza kupakwa nta nzito, au kubandikwa plastiki nyeupe juu ya boneti, paa na buti, ili rangi yake isiharibiwe na chumvi ya bahari wala vumbi la chuma la bandarini. Kwa kawaida muuzaji huiondoa kinga hiyo kabla ya kukabidhi gari, lakini mtu anayejiagizia mwenyewe na kulipokea kwenye bandari ya Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, anaweza kulikuta bado limevikwa. Asikae nayo. Kinga hiyo ni ya safari na ghala. Jua letu la kaskazi huikausha nta ikawa ngumu, na huipika gundi ya plastiki hadi ikang'ang'ania rangi.

Tafuta kwanza mahali pa kufanyia kazi. Banda lenye hewa ni bora kuliko kivuli cha mwembe, kwani utomvu na kinyesi cha popo vitaiangukia rangi ambayo ndiyo kwanza imefunuliwa. Bati liwe vuguvugu kwa kiganja, lisiwe la moto. Kisha limwagie gari maji mengi kwa mpira, bila kuligusa, kuanzia paa kushuka chini, mpaka chumvi na mchanga viondoke. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayozuia mikwaruzo: klia, ule utando wa juu unaoipa rangi mng'aro, kwa kawaida una unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, mwembamba kuliko unywele, na chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuuchana.

Baada ya hapo tambua ni kitu gani kilichopo juu ya rangi. Plastiki hujulikana kwa kingo zake. Nta huanza kuyeyuka ukiitia tone la mafuta ya taa kwenye ukingo wa chini wa mlango na kungoja dakika chache. Ikiwa tone halikufanya kitu, huenda ni utando wa akriliki, ambao huhitaji dawa yake maalumu. Usiongeze mafuta, muulize aliyekuuzia gari. Yawezekana pia kwamba unachokitazama ni klia yenyewe, na hiyo haiondolewi.

Plastiki huondolewa kwa kuinua pembe yake kwa ukucha au kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu, kisha kuivuta polepole kwa mikono miwili, ikijikunja juu ya mgongo wake karibu na bati. Ikianza kukatika au kuacha gundi, simama. Weka juu yake taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, ungoje kidogo, ndipo uendelee. Gundi inayobaki hulainishwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, haikwanguliwi.

Nta ndiyo yenye kazi. Imwagie maji ya moto yasiyochemka, kiasi cha nyuzi 60, sehemu moja kwa wakati, kisha ipake mafuta ya taa kwa kitambaa laini na uiache dakika tatu hadi tano bila kuisugua, kwa sababu kinachoitoa nta ni joto na muda, si nguvu ya mkono. Ipanguse kwa kitambaa kingine safi, ukikikunja upande mpya kila mara. Usiyaache mafuta yakaukie hapo, na yakigusa mipira ya milango yaoshe upesi, maana huivimbisha. Tina, yaani kiyeyusho cha rangi, na petroli sizikubali hata kidogo: tina hula plastiki za taa, na mvuke wa petroli hushika moto kwa urahisi mno. Mafuta ya taa nayo huwaka, kwa hiyo jiko na sigara vikae mbali, nawe uvae glavu.

Majimaji yenye mafuta yafyonzwe kwa matambara, yasiachwe yakatiririka. Penye mawe ya matumbawe, kama kusini na mashariki ya Unguja, kinachomwagwa juu huzama upesi na kuyafikia maji ya visima tunayokunywa.

Sasa lioshe gari lote kwa sabuni ya gari, ukitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Maji ya kisima yana chokaa na huacha madoa meupe yakikauka yenyewe, basi likaushe papo hapo kwa kitambaa cha maikrofaiba. Mistari ya kingo za plastiki ikionekana bado, liweke juani siku moja, kwani mara nyingi hufifia. Isiyofifia huhitaji polishi laini kwa mkono. Rangi ikishakuwa safi, ipake nta ya kawaida ya magari.

Mwisho, kagua matundu ya kutolea maji chini ya milango, ambayo nta ya safari huyaziba, maji yakatuama ndani na kuleta kutu. Yazibue kwa chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi, kisha mimina maji kidogo juu ya kioo cha kila mlango uone kama yanatoka chini.