Namna ya Kuwatafuta Wazee Wetu Waliohama Mtwara na Lindi

Anayeanza kutafuta habari za babu aliyeondoka Newala au Mchinga miaka mingi iliyopita kwa kawaida hushika jina la tatu la mzee huyo na kulisaka kila mahali, kana kwamba jina hilo lilirithiwa na watoto wote waliofuata. Kwetu haliko hivyo. Jina la tatu ni la babu, na kila kizazi kipya kinapozaliwa jina la mwisho linaachwa. Tuseme mzee aliitwa Hamisi Saidi Chilumba. Mwanawe ataandikwa Fatuma Hamisi Saidi, na katika karatasi zote zinazomhusu Fatuma hutaliona jina la Chilumba. Isitoshe, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua mtoto kwa desturi ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga mara nyingi alimfuata mjomba wake, si baba yake, na ndugu wa kuwauliza leo wako upande wa mama. Anayefuata jina la baba peke yake anaacha nusu ya ukoo, tena nusu yenye habari nyingi zaidi.

Anza na wazee, na uulize majina yote

Kabla ya kufungua daftari lolote, kaa na wazee waliobaki. Usiulize tu, "Babu aliitwa nani?" kwa sababu utapewa jina moja, lile ambalo familia imelizoea. Mtu wa Kusini aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kuwa na majina manne bila kumdanganya mtu yeyote: jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, jina la dini, alilopewa na shehe au na padri, na jina la kazini, ambalo nyapara au karani alimbandika. Uliza kila moja kwa wakati wake: "Shikamoo bibi. Kabla hajaingia jandoni walimwitaje? Wenzake waliotiwa jandoni naye katika kumbi moja walikuwa akina nani? Kanisani alisomwa kwa jina gani?" Uliza pia alirithi jina la nani, kwa kuwa wajukuu wengi hupewa majina ya babu na bibi zao, na ndiyo maana jina lilelile huibuka tena kila baada ya vizazi viwili na kumfanya mtafutaji awachanganye watu wawili wakawa mmoja.

Miaka ya kuzaliwa usiilazimishe. Wazee wengi hawaijui, lakini wanajua tukio lililotangulia na lililofuata. Majimaji ilikuwa 1905 hadi 1907. Vita vya Mjerumani na Mwingereza 1914 hadi 1918, na mapigano makali ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulianza baada ya 1946. Tufani iliyoipiga Lindi ilikuwa Aprili 1952. Na kuhamishiwa vijijini kulikuwa miaka ya 1970. Mtu aliyekwishatoka jandoni wakati wa karanga, lakini alikuwa hajaoa tufani ilipopiga, umeshampata ndani ya miaka michache, na kiasi hicho kinatosha kujua ni daftari lipi la kuomba.

Jambo moja linahitaji adabu. Zipo familia ambazo bibi mzaa bibi alifika Pwani akiwa mateka, na kuuliza waziwazi kama alikuwa mtumwa ni tusi, hata leo. Uliza alifika na nani, alipokewa nyumbani kwa nani, na nani alisimamia ndoa yake. Majibu ya maswali hayo yatakueleza unachotaka kujua bila kumwaibisha mtu.

Mahali ni muhimu kuliko jina

Andika jina la kijiji, lakini pia andika jina la mahame yake, yaani pale watu walipokaa kabla ya kuhamishwa. Zamani kijiji cha bara kiliitwa kwa jina la jumbe au mkubwa aliyekianzisha, na akifa au akihama, jina liliweza kubadilika naye. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, ambazo siku hizi zinaonekana katika intaneti, zina vijiji vingi vilivyoandikwa kwa majina ya majumbe. Kwa hiyo jina ambalo bibi analitaja kama la mtu huenda kwenye ramani ni la kijiji. Uliza pia mto, kisima na mlima wa karibu, kwa sababu hivyo havikuhama.

Kumbuka vilevile kwamba mipaka ya utawala imebadilika. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, na kabla ya hapo karatasi za pande zote mbili zilikuwa katika jimbo moja la Kusini. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na abasia ya Ndanda, monasteri iliyosimamia eneo kubwa. Jimbo la Nachingwea liliundwa 1963 na baadaye likaitwa Lindi, na Mtwara likawa jimbo mwaka 1972. Ukiambiwa ofisi moja haina daftari, swali linalofuata ni parokia hiyo ilikuwa chini ya nani mwaka unaoutafuta.

Kuandika jina kwa sura zake zote

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watafutaji wengi wanapokata tamaa mapema. Chukua daftari, andika jina moja juu ya ukurasa, kisha chini yake andika kila sura ambayo mwandishi wa zamani angeweza kulipa.

Anza na matamshi ya nyumbani. Kimakonde hutumia l mahali ambapo Kiswahili kina r, na chi- mahali pa ki-; ndiyo maana Kitangari ya Newala ni Chitangali kwa wenyeji, na karani mgeni aliweza kuandika moja, au nyingine, au mchanganyiko wa zote mbili. Jina linaloanza na Nn- huandikwa Mn-, N'n- au N moja tu. Heshima ya Che, ambayo Wayao humtangulizia mtu mzima, huenda ikaunganishwa na jina mpaka ukadhani ni sehemu yake.

Kisha fikiria mkono ulioshika kalamu. Mjerumani aliandika tsch kwa ch, sch kwa sh, j kwa y, dj kwa j, na mara nyingi w kwa v. S ya katikati aliipenda iwe mbili, hivyo Masasi ikawa Massassi; na kwa y iliyogeuka j, Wayao wakawa Jao. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyewapinga Wajerumani kutoka Luagala kwenye uwanda wa Makonde hadi akavuka kwenda Msumbiji mwaka 1899, katika maandishi yao ni Matschemba. Anayetafuta herufi M-a-c-h hatamwona kamwe. Mreno, ng'ambo ya Ruvuma, aliandika c au qu kwa k, x kwa sh, nh kwa ny, u kwa w. Kwake Wamakonde ni Maconde, Wamakua ni Macua, na Wayao ni Ajaua. Mwingereza wa misheni aliandika karibu na tunavyoandika sasa, jambo linalorahisisha kazi.

Usisahau maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yaliyotumika Kilwa, Lindi na Mikindani katika barua, hati za mashamba na mikataba ya ndoa. Herufi hizo kwa asili hazina p wala v, na hazitofautishi vizuri e na i, wala o na u. Mwandishi mmoja aliweka b kwa p na f kwa v, mwingine akaongeza nukta zake mwenyewe. Hati ya namna hii isomwe na mtu anayejua Kiswahili cha Pwani pamoja na Kiarabu, kwa kuwa anayejua Kiarabu pekee atasoma jina la Kimakonde kama neno asilolijua, na atalinyoosha lifanane na analolijua.

Daftari ziko wapi

Kwa mtu wa kawaida wa Kusini wa kabla ya uhuru, cheti cha kuzaliwa cha serikali usikitegemee. Daftari za dini ndizo zenye watu. Wamisionari wa Kiingereza wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, waliweka watu walioachiwa huru kutoka Unguja huko Masasi mwaka 1876, na dayosisi ya Masasi iliundwa 1926. Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Lukuledi 1895, Nyangao mwaka uliofuata, na Ndanda 1906. Masasi, Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Majimaji, kwa hiyo usishangae daftari la misheni kongwe likianza baada ya mwaka huo. Kwa familia za Masasi zenye asili ya wale walioachiwa huru, safari inarudi nyuma hadi Unguja, kwenye shule za misheni za Mbweni na Kiungani. Sehemu kubwa ya karatasi za misheni hiyo ya Kianglikana sasa iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Nyaraka za Kijerumani na za Mwingereza, pamoja na vitabu vya wilaya vyenye habari za majumbe na koo, ziko katika ofisi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Ofisi ya parokia haidaiwi kukuonyesha daftari. Fika kwa adabu, beba barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, eleza undugu wako, na omba miaka mitano tu kwa mara moja.

Ukifunguliwa ukurasa wa ubatizo wa Kikatoliki, utakuta namba, tarehe, jina la mtoto kwa Kilatini, wazazi, mdhamini na padri. Josephus ni Yosefu. *Filia* ni binti, *patrinus* ni msimamizi wa ubatizo. Usiishie hapo. Tazama pembeni, kwenye nafasi nyembamba iliyoachwa tupu, ambapo padri wa baadaye aliandika kwa wino mwingine mahali mtu huyo alipofunga ndoa. Mtu aliyebatizwa Ndanda akaoa Tanga au Morogoro aliweza kurudishiwa taarifa hiyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, na mstari huo mmoja mara nyingi ndio pekee unaosema alikwenda wapi. Soma pia majina ya juu na ya chini yake: watoto waliobatizwa siku moja huwa wanatoka kijiji kimoja, na msimamizi akijirudia kwa watoto watatu, huenda ni mjomba.

Kuwafuata walikokwenda

Waliokwenda mashamba ya mkonge waliitwa manamba, na walitambuliwa kwa namba na kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Kuanzia 1944 wengi waliandikishwa kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya wafanyakazi. Vipande vichache vimebaki, vingi katika masanduku ya familia kuliko katika ofisi yoyote, hivyo uliza kabla ya sanduku la marehemu kugawanywa.

Ugenini kabila liligeuka jina. Tafuta Juma Mmakonde, Saidi Mmwera, Ali Mnyasa, na pia Mmavia, jina walilopewa Wamakonde wa upande wa Msumbiji. Katika mashamba ya Unguja hali ilikuwa hiyohiyo. Wamakonde wa Kwale, Kenya, waliofika miaka ya 1930 kwa kazi za miwa na mkonge, wengi wao kutoka Msumbiji, walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi hiyo mwaka 2017. Kwa hiyo wazee wao sasa wana vitambulisho, na mazungumzo nao yamekuwa mepesi kuliko zamani. Kwa upande wa pili, waliokimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanzia 1964 walipokelewa kwetu, baadhi yao katika makazi ya Rutamba, Lindi, na kwao tumia sura za Kireno za majina.

Ukipata mtu anayefanana, usimkubali kwa jina. Mkubali ikiwa vitu vitatu vinakutana: mahali alikotoka, watu aliofuatana nao, na umri unaolingana na matukio uliyoambiwa. Vikikutana viwili tu, mwandike kwa penseli na alama ya mashaka pembeni, kisha rudi kwa yule bibi na jina la mwenzake wa kumbi, umwulize kama analijua.