Kabla hujatoa hela kwenye kikundi, sikiliza kwanza wanavyoongea

Sio kila kikundi kinachoitana "familia" ni cha matapeli, hilo niseme mapema, kuna watu wameinuka kimaisha kwa vikoba na mpaka leo wanaitana dada na kaka. Shida inaanza pale maneno yanapokufanya uone aibu kuuliza. Tanzania tuliona kwa DECI, ule mpango wa upatu wa kuchangisha watu hela uliofungwa 2009. Kule mtu haweki pesa, "anapanda mbegu", afu anasubiri "kuvuna". Ni lugha ya kanisani, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, sasa ukihoji mavuno unaonekana unahoji imani, tena mbele ya jirani yako mnaekaa nae benchi moja kila Jumapili. Kumbe anaevuna leo analipwa kwa hela ya anaepanda leo, wapandaji wakipungua basi, kwisha.

Kwahiyo fanya hivi: chukua sentensi ya kiongozi, toa lile neno tamu, weka la hela. "Mbegu yako inakua" igeuze iwe "laki mbili yangu kakopeshwa nani, anarudisha lini, kwa riba gani?" Kama hakuna wa kujibu, usitoe hata mia.

Pili angalia anaeuliza anafanywa nini, hapa ndo penyewe. Mtu kaomba taarifa ya benki kwenye grupu la WhatsApp, admini anatuma voisi "mwenzetu ana roho ya kukatisha tamaa, tumwombee", chini zinashuka Amina tupu. Hajajibiwa huyo, kaaibishwa, na wengine wote wameshajifunza kunyamaza, na inauma zaidi maana walioandika Amina ni shemeji yako na mama mdogo.

Ukiuliza wewe, uliza kwa heshima na uliza namba: "Shikamoo mama mwenyekiti, naomba kueleweshwa, marejesho ya mwezi uliopita yalikuwa shilingi ngapi?" Usiseme siwaamini, ukisema hivyo mjadala wote unageuka kuwa wa upendo na usaliti na namba hutaipata.

Wakikwambia leo ndo mwisho wa kujiunga, lala kwanza.

Kikoba cha ukweli utakijua, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, hela inahesabiwa mbele ya wote, katiba ipo, faini zinajulikana, na tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 kinatakiwa kisajiliwe, kwahiyo omba uone cheti. Nyimbo wanaimba, utani upo, na daftari linasomwa vilevile.

Kama ndugu yako ameshazama huko, usimwambie "umetapeliwa", atawatetea mpaka mkosane na atazidi kuwasogelea wao. Muulize taratibu, "ukiitaka hela yako Ijumaa unamwambia nani?" Afu nyamaza, usimjibie.