Nchi Iliyoandikwa Kwenye Kisu: Namna ya Kuchagua Kisu cha Kukunja Ukiishi Lamu

Mtu akiingia dukani Langoni kutafuta kisu cha kukunja, mara nyingi muuza duka humtangulia kwa swali: "Wataka cha Mjerumani au cha Mchina?" Bei hupangwa kwa jibu hilo, na mnunuzi huamini kwamba uamuzi mkubwa umeshafanyika. Mimi hutumia kisu kila siku, kwa kukata kamba, kumenya maembe na kupaa samaki nikiwa chomboni, na rai yangu ni kwamba nchi ni jambo la kuulizwa, ila liulizwe la tatu: baada ya aina ya chuma, na baada ya kutazama jinsi kisu kilivyounganishwa. Katika kisiwa ambacho hewa yake yenyewe ina chumvi, mpangilio huo ukigeuzwa gharama yake huonekana mapema.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Wakati fulani nilinunua bara kisu kilichochorwa jina la mji wa Ujerumani, nikakilipia kwa furaha bila kukikunjua zaidi ya mara moja. Kaskazi kilikuwa kizuri. Kusi ilipoanza kuvuma, madoa ya kutu yalikuwa yameingia chini ya springi, ribiti imelegea, na bapa linacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto. Siku moja nikikata kamba ya nanga kilijikunja kikanikata kidole. Kovu lingalipo kwenye kiungo cha pili, na kila ninapoliona hukumbuka kwamba nilisoma jina nikaacha kukitazama kisu.

Hata hivyo, jina la nchi lina uzito wake pale ambapo kuna sheria nyuma yake. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na miongoni mwa waliolalamika sana kabla yake walikuwa mafundi wa visu wa mji wa Sheffield, waliochukizwa na visu vya Solingen, mji wa Ujerumani, vilivyokuwa vikiuzwa kwa jina la mji wao. Baadaye Solingen wenyewe walihitaji kinga ya namna hiyo: tangu 1938 jina la mji huo linalindwa na sheria ya Ujerumani, na kisu hakiruhusiwi kulibeba isipokuwa hatua zake kuu za utengenezaji zimefanyika katika eneo hilo. Kwa hiyo jina "Solingen" kwenye kisu halisi ni ahadi inayoweza kudaiwa mahakamani. Linganisha na Laguiole, kijiji cha kusini mwa Ufaransa ambacho jina lake kwa miaka mingi halikuwa na ulinzi wa aina hiyo, hata visu vya China na Pakistani vikauzwa kwa jina hilo hilo. Kabla ya kulipia jina, basi, uliza kama kuna yeyote anayelilinda.

Soma pia maneno yenyewe kwa makini, kwa sababu wauzaji hucheza nayo. Kisu kilichoandikwa kwamba chuma chake ni cha Kijerumani hakijasema kimetengenezwa Ujerumani; kimesema tu chuma kilitoka huko, na hata hilo ni neno la mwandishi wa boksi. Neno "rostfrei" ni la Kijerumani, na "inox" limetokana na Kifaransa, yote mawili yakimaanisha chuma kisichoshika kutu. Fundi yeyote duniani aweza kuyagonga kwenye bapa lake, wala hayataji nchi. Mahali pa kutazama ni shina la bapa, pale karibu na ribiti, ambapo mtengenezaji makini huandika jina lake, mahali pa kutengenezewa, na mara nyingi jina la chuma.

Wala usidhani kwamba kila kampuni ina nchi moja. Spyderco ni kampuni ya Marekani, ya Golden, Colorado, lakini visu vyake vingine hutengenezwa Seki nchini Japani, vingine Taichung nchini Taiwan, vingine Maniago nchini Italia, na vingine China, na kampuni hiyo huandika mahali hapo kwenye bapa bila kuficha. Kampuni ya Opinel ya Savoie, Ufaransa, hutumia chuma cha Sweden kwa visu vyake visivyoshika kutu. Hata Uswisi, nchi ambayo jina lake karibu limekuwa sawa na kisu cha mfukoni, ilivaa cha mwenzake mwanzoni: visu vya kwanza vya askari wake vilitengenezwa Solingen, kwa kuwa mafundi wa nyumbani hawakuwa na uwezo wa kutoa idadi iliyotakiwa, hadi Karl Elsener, ambaye kiwanda chake ndicho Victorinox ya leo, alipoanza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891.

Sasa tuje kwenye chuma, ambapo ningependa ukae zaidi. Kinachozuia kutu ni kromiamu, na bapa la chuma kisichoshika kutu huwa na kiasi cha asilimia 13 au zaidi. Jina hilo la "kisichoshika" ni la ukarimu. Kwa maji ya chumvi ni afadhali kusema chuma kinachochelewa kushika kutu. Kaboni ndiyo inayoleta ugumu na makali ya kudumu. VG-10, chuma cha Japani, ina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 15. 8Cr13MoV, chuma cha China, ina kaboni karibu asilimia 0.8 na kromiamu karibu 13. Ya kwanza ni bora, lakini ya pili si takataka. Kisu cha Kichina cha chuma hicho, kilichofanyiwa kazi vizuri, kitakufaa kuliko kisu cha Ulaya ambacho hakikutaja chuma chochote. Mtengenezaji anayeandika jina la chuma chake amejifunga kwa neno lake, na mimi humpa yeye nafasi ya kwanza, awe wa wapi.

Chuma kizuri nacho huharibiwa na moto mbaya. Bapa la chuma kisichoshika kutu hupashwa moto kupita nyuzi 1000 za Selsiasi, likapozwa ghafla, kisha likapashwa tena kwa moto mdogo ili lisiwe la kuvunjika kama kioo. Likizidi ugumu, makali hukatika vipande. Likipungua, hulala upande baada ya kazi ndogo. Kampuni ya Buck ya Marekani imejijengea sifa kwa chuma cha wastani kiitwacho 420HC kwa sababu ya umahiri wa kazi hii ya moto. Kwa kipimo cha Rockwell, bapa la Victorinox lina ugumu wa karibu 56, na la VG-10 karibu 60. Mtu wa Lamu mwenye kinoo cha kawaida asikimbilie namba kubwa: bapa la 56 hurudi kwenye makali kwa dakika chache, na la 60 hukaa na makali kwa siku nyingi, lakini hukutoa jasho siku ya kulinoa.

Ukiwa dukani, omba kisu utoke nacho mlangoni penye mwanga. Kikunjue taratibu, usikie kama kinakwaruza. Kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, usukume kushoto na kulia. Bapa lisicheze hata kidogo. Kikunje, ulitazame kutoka juu: ncha ikae katikati ya mpini, isiguse ubavu. Kama kina kifungo cha kulizuia bapa, weka mgongo wa bapa juu ya meza na ubonyeze polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikiteleza mara moja, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Kisha geuza makali yakuelekee chini ya mwanga. Makali makamilifu hayaonekani; ukiona mstari au nukta inayong'aa, hapo pana ubutu. Usihangaike na sumaku, ingawa wengi huileta kama hakimu, kwa kuwa vyuma vya visu visivyoshika kutu hunaswa na sumaku sawasawa na vile vinavyoshika.

Baada ya hayo yote ndipo nchi irudi, na irudi pamoja na kazi yako. Anayeshinda baharini angetafuta chuma kama H1 cha Kijapani, ambamo nitrojeni imechukua sehemu kubwa ya nafasi ya kaboni, na ambacho Spyderco ilikitumia kwa miaka mingi katika visu vyake vya maji ya chumvi; bei yake ni kali, na kwa mvuvi nadhani inastahili. Kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na ambacho leo ni cha Afrika Kusini, ni cha chuma cha kaboni: hunoleka upesi na ni rafiki wa mkulima, lakini hapa pwani hubadilika rangi kwa usiku mmoja. Opinel nacho nakipenda kwa jikoni, ila mpini wake wa mbao hufura ukilowa, bapa likang'ang'ania ndani hata kucha isilitoe, kwa hiyo sikipeleki chomboni.

Na kisu chochote utakachonunua, ukishatoka baharini kioshe kwa maji matamu kikiwa wazi, kikung'ute, ukipanguse hadi ndani ya mpini kwa ncha ya kitambaa, ukiache kivulini mpaka kikauke kabisa, kisha utie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti na kukikunjua na kukikunja mara tano au sita hadi mafuta yatokeze upande wa pili.