Anayekosa kazini kila mara: hesabu mara, si siku

Wafanyakazi wawili wamekosa siku nane kila mmoja ndani ya miezi mitatu. Wa kwanza alilazwa kwa malaria, akarudi na ED, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi. Wa pili kakosa Jumatatu nane. Kwa siku wamelingana, kwa mara ni moja dhidi ya nane, na tatizo lako ni huyo wa pili.

Basi daftari la mahudhurio lionyeshe alitoa taarifa saa ngapi, kwa nani, sababu gani na kaleta nini. Mstari mmoja unatosha: "Jumatatu, zamu saa 1:30, kapiga simu saa 2:40, tumbo, hana ED." Ajaze mtu wa ofisini, maana wasimamizi wengi huwafichia watu wao.

Akirudi, kaeni faragha dakika kumi kabla hajashika kazi. Uliza, kisha nyamaza. Mtu wa Kimara, Dar es Salaam, anayefanya kazi Kariakoo hukwama kweli barabara ya Jangwani ikijaa maji wakati wa masika. Kumsogezea zamu saa moja kunasaidia kuliko barua tatu za onyo.

Usichanganye utoro na haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Kwa msiba wa mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja kuna siku zisizopungua 4 zenye malipo. Mjomba na shangazi hawamo, na hapo ndipo ugomvi huanzia, kwa hiyo andikeni mapema kampuni itatoa nini.

Kukosa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi kunaweza kufikisha mtu kwenye kuachishwa, ila si kwa ujumbe wa WhatsApp wa "usirudi tena". Mpe barua ya kujieleza, kisha wito wa kikao cha nidhamu angalau saa 48 kabla, aje na mwenzake wa kumsaidia. Ukiruka hatua hizo, ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kihalali.

Kama hapatikani, peleka barua kwenye anwani ya kwenye mkataba, na aliyeipokea asaini nakala yako.