Mpira wa Kulishia Usizibe: Kumlisha Mgonjwa Mahututi Kuanzia ICU Hadi Nyumbani

Mwezi uliopita nilikesha na muuguzi kijana katika chumba cha wagonjwa mahututi ninakofanya kazi kama mtaalamu wa lishe. Mgonjwa wetu, mwanamume wa kilo 60 aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia kutokana na nimonia kali, mpira wake wa kulishia uliziba mara tatu kati ya saa mbili usiku na alfajiri. Kila mara muuguzi alinigeukia akisema, "Dada, umeziba tena." Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na wote wanaolisha wagonjwa kwa chakula cha jikoni kwa sababu maziwa maalumu ya kopo hayapatikani au ndugu hawayamudu.

Hatua ya 1: Anza mapema

Anza ndani ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Asubiri yule tu ambaye presha yake bado inashuka licha ya dawa, au ambaye utumbo wake umeziba au unavuja damu.

Hatua ya 2: Hakikisha mpira uko tumboni

Pima kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe, kisha hadi chembe ya moyo. Namna ya kuupitisha mnaijua. Ninachosisitiza ni kwamba kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu si uthibitisho, kwa kuwa mlio huo unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye pafu. Mimi hutaka picha ya eksirei kabla ya mlo wa kwanza. Isipopatikana, vuta majimaji kidogo uyapime kwa karatasi ya kupimia asidi (pH); yakisoma 5.5 au chini yake, endelea. Weka alama ya kalamu pale mpira unapotokea puani, na uitazame kabla ya kila mlo.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Lengo ni takribani kilokalori 25 na gramu 1.3 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mgonjwa wetu ni kilokalori 1,500 na gramu 78 za protini, lakini lengo hilo hufikiwa polepole: siku za kwanza asilimia 70 ya nishati inatosha. Msidhani protini ikizidi sana ndiyo nafuu, kwani utafiti wa EFFORT Protein, uliofanywa kwa wagonjwa mahututi na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuifikisha gramu 2.2 kwa kilo hakukuwaharakishia wagonjwa kuruhusiwa, na wenye figo zilizoathirika walielekea kudhurika.

Aliyekaa siku nyingi bila kula kabla ya kulazwa anahitaji tahadhari ya pekee. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu hushuka katika damu na moyo unaweza kusimama. Huyo apewe vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, aanzishwe kwa kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo, na damu yake ipimwe kila siku.

Hatua ya 4: Tengeneza chakula kinachopita

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Jikoni walikuwa wameleta uji wa ulezi uliochanganywa na unga wa dagaa. Ukiwa moto ulipita vizuri, lakini ulipopoa ukashikana, na chembe za dagaa zikajipanga kwenye matundu ya mpira. Muuguzi akauongezea maji ukapita, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila mahali. Gramu 100 za unga hutoa takribani kilokalori 350, na uji mwembamba wa lita moja haubebi zaidi ya hapo. Mgonjwa angehitaji zaidi ya lita nne kwa siku, na hata hizo zisingempa nusu ya protini yake.

Dawa yake ni kimea, kile kile ambacho mama zetu huwatilia watoto kwenye uji. Pika uji mzito, unga gramu 200 kwa lita. Uepue, uuache hadi uwe wa moto usiochemka, kisha tia vijiko viwili vya chakula vya unga wa kimea cha ulezi na ukoroge. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi. Baada ya dakika kama kumi uji ule ule utamiminika kama maziwa bila kupoteza nguvu yake. Urudishe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu, kwa maana kimea hutokana na nafaka iliyoloweshwa na kuoteshwa. Ongeza maziwa, mafuta ya kupikia (kijiko kimoja cha chakula kina takribani kilokalori 120) na mayai yaliyochemshwa na kusagwa hadi yalainike kabisa. Kila yai lina gramu 6 za protini. Chuja kwa chujio la chai, kisha uchuje tena. Dagaa sipendi wapite kwenye mpira hata wakisagwa vipi. Wasubiri mgonjwa aanze kula kwa mdomo. Chakula kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Pitisha mililita 30 za maji kabla na baada ya kila mlo. Dawa zinazoruhusiwa kusagwa zisagwe na zipitishwe moja moja, maji katikati, wala zisichanganywe na uji. Mpira ukiziba, tumia maji ya uvuguvugu na bomba la sindano la mililita 50, ukisukuma na kuvuta taratibu. Bomba dogo lina shinikizo kubwa linaloweza kuupasua mpira, soda hugandisha maziwa ndani yake, na waya usiingizwe kamwe.

Hatua ya 5: Lisha, kisha andika kilichoingia

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Andika kiasi kilichoingia, si kilichoagizwa, kwa sababu mlo husimamishwa kwa ajili ya vipimo au upasuaji na hakuna anayekumbuka kuufidia.

Hatua ya 6: Baada ya mashine

Mpira wa kupumulia ukishatolewa, usikimbilie kuutoa wa kulishia. Koo huwa dhaifu, hivyo jaribu kwanza kijiko kimoja cha maji akiwa ameketi, na akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, acha. Mgonjwa wetu alishindwa siku mbili, na siku ya tatu akameza uji mzito kabla hajaweza kumeza maji.

Akirudi nyumbani, ndugu wamgawie milo midogo sita, kila mlo uwe na yai, maziwa, maharage, samaki au karanga, na apimwe uzito kila wiki kwenye zahanati iliyo karibu. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, arudishwe kliniki bila kusubiri tarehe yake.