Waifai ya nyumbani Kampala inapanda na kushuka? We uliyeko nje, anzia hapa

Ndugu zangu mlioko nje, hii ni ya wale tuliobeba maboksi ya meshi (yale ya waifai yanayopokezana intaneti chumba hadi chumba) kwenye sanduku, tukayaacha kwa wazazi Uganda tukajua kazi imeisha, alafu kila wiki simu inaingia: mwanangu, hii intaneti yako leo haitembei. Asubuhi ilikuwa sawa. Juzi ilikuwa sawa. Ikifika saa tatu usiku video inaganda na mama unamwona kipaji cha uso tu.

Mi niko Leeds, mama yuko Kyaliwajjala, na kwetu tunaongea Kiswahili kwa sababu mzee alikuwa jeshini na sisi tumekulia kambini. Karibu miezi mitatu nilikuwa namlaumu aliyetuuzia laini, na ilibaki kidogo tu ninunue boksi la nne. Ingekuwa hela ya bure kabisa. Kwa hiyo nakuomba kabla hujanunua kitu chochote, pima kwanza, na upime kwa kufuata njia, kuanzia pale faiba inapoingilia mpaka chumba kinacholalamikiwa, maana kasi ikiwa inapanda na kushuka kuna mahali inakatikia na mahali hapo hutapajua kwa kusikia tu "intaneti mbaya" kwenye simu.

Tafuta mtu mmoja pale nyumbani mwenye subira. Kwetu ni mtoto wa dada yangu, yuko S.5 (kidato cha tano), nilimwambia chukua daftari, chora nyumba, weka alama kila boksi lilipo, alafu kila ukipima andika saa, chumba na namba ya kasi, ile ya Mbps. Mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku, kwa siku nne hivi. Simu iwe ileile moja kila siku, maana simu ya zamani na simu mpya zikikaa meza moja hazitoi namba sawa, utachanganyikiwa bure.

Na VPN, ile apu inayopitishia intaneti yako nchi nyingine, izimwe kabla ya kupima! Hii nasisitiza kwa sababu tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021 watu wengi waliweka VPN kwenye simu wakaizoea, inawaka siku nzima hata mwenye simu hakumbuki. Sasa ukipima ikiwa inawaka, unapima safari ya kutoka Kampala mpaka Ulaya na kurudi, waifai ya nyumbani haihusiki hapo. Simu ya mama ilikuwa hivo hivo, tulivyozima tu namba za sebuleni zikaruka kutoka 11 hadi 40 na kitu.

Kipimo cha kwanza ni laptopu kwa waya, moja kwa moja kwenye kile kiboksi cha kampuni, meshi yote pembeni. Laini yetu ni ya 50 Mbps, ikatoa 48, 47, 48, hata usiku. Kama hapo penyewe namba zinayumba basi meshi haina kosa, piga simu kwa kampuni, na uulize pia kama kifurushi kina kiwango ambacho ukikifikia wanapunguza kasi, maana vingi vinavyoitwa anlimitedi vina hicho kipengele. Kama nyumba inatumia ruta ya laini ya simu badala ya faiba, jioni itayumba tu kwa sababu mnagawana mnara na mtaa mzima. Na kuna siku tatizo liko mbali sana, Uganda haina bahari, intaneti nyingi inaingia kupitia majirani kutoka kwenye nyaya za baharini, ndo maana tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilivyokatika hata Kampala ilisikia. Siku kama hiyo usiguse mpangilio wowote, subiri.

Kipimo cha pili, simu ikiwa kando ya boksi la kwanza la meshi, yani hatua mbili hivi. Ikishuka sana hapo angalia kama kiboksi cha kampuni nacho bado kinarusha waifai yake, kwa sababu vikiwa viwili kimoja juu ya kingine vinapigiana kelele, na mara nyingi simu za nyumbani zimeshikilia ile waifai ya zamani hata hujui. Zima waifai ya kiboksi cha kampuni. Alafu kwenye meshi tafuta palipoandikwa "AP Mode" ama "Bridge", ukiweka hapo inakuwa inapitisha tu intaneti, kazi ya kugawa anwani inabaki kwa mmoja.

Sasa kipimo cha tatu ndo chenye mambo, kati ya boksi na boksi. Watu wengi hawajui kwamba boksi la mbali halina intaneti yake, linaipokea hewani kutoka kwa lile la kwanza ndo linaitoa tena, na kama ni meshi ya bendi mbili linapokea na kutoa kwa redio ileile, kwa hiyo kila ukiruka boksi moja kasi inaweza kupungua nusu. Bendi ya 5 GHz ina mbio lakini kuta inazichukia, ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi ila ni ya polepole na imejaa majirani. Mawimbi yakidhoofika kati ya maboksi, yanahama kutoka 5 kwenda 2.4, kimya kimya, na kwenye simu bado unaona mistari yote imejaa! Ile mistari inakuonyesha simu na boksi lililo karibu, haikuonyeshi boksi na mwenzake.

Daftari la kijana lilikuwa linasema chumbani kwa mama asubuhi 24, mchana 26, usiku 5. Siku nne mfululizo. Mi nikasema ndo hiyo, jioni mtaa mzima uko mtandaoni. Lakini waya ulikuwa unatoa 48 usiku uleule, sasa mtaa unaingiaje? Nikamwambia tembea na simu, video ikiwa wazi, toka boksi moja nenda lingine nione njia. Akatoka sebuleni, akafika koridoni, akanyoosha mkono akavuta mlango wa chuma. Ule wa bati nene ambao nyumba nyingi za kwetu zinakuwa nao kutenga vyumba vya kulala, mchana uko wazi, saa tatu usiku mama anaufunga kwa kufuli. Boksi moja liko upande huu, jingine upande ule. Nikamwambia fungua, pima. 23. Funga, pima. 6. Tumerudia mara tatu, ileile.

Chuma ndo adui mkubwa, alafu zege, alafu tanki la maji, kioo kikubwa cha kabati, na boksi kufichwa nyuma ya TV. Kwa hiyo boksi usiliweke kwenye chumba chenye shida, liweke katikati ya njia ambapo bado linasikia vizuri, juu ya kabati na si sakafuni. Baadhi ya apu za meshi zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya maboksi kwa dBm, ukiona -50 hadi -65 uko sawa, ukifika -75 hapo ndo panapokatikia. Na nyumba ndogo haihitaji maboksi matatu, yakisongamana simu inang'ang'ania la mbali wakati la karibu lipo.

Kwetu tuliamua waya. Fundi akapitisha waya wa mtandao wa Cat6 juu ya dari, mita 18, kutoka boksi la kwanza hadi la chumbani kwa mama, na hiyo ndo dawa ninayoiamini kuliko zote, Cat5e pia inatosha na inafika mita 100. Mwambie fundi apime kabla hajalipwa. Kama laini yako ni zaidi ya 100 Mbps na kipimo kinagota 94 hata ufanye nini, kuna uzi ndani ya waya haujashika ama tundu la kifaa ni la zamani, arudie kichwa cha waya. Na kama unataka kufika boizi kota, kile kijumba cha nyuma, usipitishe waya wa shaba nje, ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi sana, radi ikipiga karibu waya huo unaweza kuunguza vifaa pande zote mbili, hapo weka faiba.

Mliobeba kutoka Marekani, soma maandishi kwenye adapta, iandikwe 100–240V, maana Uganda ni 240V. Soketi ni kama za Uingereza.

Kitu cha mwisho ni umeme. Ukikatika ukarudi, maboksi yote yanaamka pamoja, na lile la mbali linaweza kujishikiza vibaya likabaki hivo siku nzima, mama anasema leo imeharibika tena. Tafuta yupiesi (UPS, betri ya kushikilia umeme) ndogo ya kubeba kiboksi cha kampuni na boksi la kwanza, ukiangalia volti zifanane na za adapta na ampea zisipungue za adapta. Bila hiyo, wazime yote, wawashe la kampuni kwanza, wasubiri dakika tatu, boksi la kwanza, wasubiri tena, ndo yanayobaki. Kijana ameiandika kwenye karatasi akaibandika kando ya mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, pale ambapo kila mtu anasimama akienda kuingiza tokeni. Jana saa tatu usiku, mlango umefungwa na kufuli lake, chumbani kwa mama ilikuwa 46.