Somo: Kuhama kutoka kadi hadi kompyuta katika maktaba ya umma

Wakutubi wenzangu, hamjambo. Somo hili ni la maktaba ndogo inayoazimisha kwa kadi bado. Msomaji akiazima, kadi ya kitabu inatolewa kwenye kifuko cha jalada la nyuma, inatiwa kwenye tikiti yake, yaani kifuko kidogo chenye jina lake, inapangwa kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha. Nimezitumia trei hizo miaka mingi hapa Mombasa na naziheshimu. Lakini msomaji akiuliza kitabu fulani amekichukua nani, napekua tarehe moja baada ya nyingine mpaka vidole viume.

1. Hesabu vitabu kabla ya kununua chochote. Sisi tuliingiza orodha kutoka kwenye rejista bila kushika vitabu mkononi. Ikawa kompyuta inasema kitabu kipo, mtoto wa shule anakwenda rafuni, hakioni. Kumbe kilipotea zamani. Tulirudia kazi yote. Pita rafu kwa rafu, na kilicholiwa na mchwa au kuota ukungu kiweke kando.

2. Programu. Mimi natumia Koha, programu ya kuendeshea kazi za maktaba. Ni ya bure, ilitengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta kuu inayotunza data, kuazimisha hakuhitaji intaneti.

3. Ingiza vitabu. Chapa ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kitabu, kisha vuta maelezo kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani. Vitabu vilivyochapwa kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu 10, vya baadaye 13. Vitabu vyetu vingi vya zamani vya Kiswahili havina kabisa. Hivyo andika kwa mkono, polepole. Lebo ya mistari (barcode), ile inayosomwa na skana, ibandike nje ya jalada, kisha uifunike kwa selotepu pana. Kwa joto na jasho la huku, lebo isiyofunikwa huanza kubanduka pembeni.

4. Wanachama. Chukua jina, simu na mtaa, basi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inatubana, na ni haki. Mtoto aandikishwe na mzazi au mlezi.

5. Siku ya kuhama. Hapa ndipo wengi huharibu. Usihamishe kadi zilizo kwenye trei. Tangaza siku, kuanzia hapo kila kitabu kinachotoka kipite kwenye kompyuta, na kinachorudi kwa kadi ya zamani kipokewe kwa kadi, kiingizwe, kibandikwe lebo, ndipo kirudi rafuni. Trei zitapungua zenyewe. Kadi zitakazobaki muda wa kuazima ukishapita ndizo vitabu vya kufuatilia, na kila moja imo kwenye tikiti yenye jina la msomaji. Kwa hivyo usizichome.

Maswali ya wakutubi

*Stima ikipotea je? Huku Likoni hatuna jenereta.*
Seva iwe na betri ya akiba ili izimwe taratibu, isikatike ghafla. Mezani weka daftari: namba ya mwanachama, namba ya kitabu, saa. Stima ikirudi, ingiza kwa mpangilio ule ule. Nakala ya data itolewe kila jioni, na isilale jengo moja na seva.

*Kwetu Kisauni kina Ali Mohamed ni wengi, nitawatofautishaje?*
Kwa namba ya kadi ya uanachama, usitafute kwa jina. Na jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata likiwa na sehemu tatu au nne.

*Bi mkubwa wetu amekaa na trei miaka mingi, anaogopa hata kushika mausi. Nifanyeje, dada?*
Usimweke pembeni, ndugu yangu. Wa kwetu tulimpa kazi ya kukagua: kijana anaingiza, yeye ameshika kitabu anasoma kwenye skrini. Wiki ya pili alishika skana mwenyewe.